Sababu ya Mama Parag

Mimi ndiye niliyemwonyesha Mama Parag ile katuni, na mimi ndiye niliyemwandikia maneno yaliyoleta yote yaliyofuata. Nikiwaeleza watu wananiambia usijilaumu, Nasra, kisha wanaendelea na shughuli zao.

Nashona barazani kwa Mzee Lalit, hapa Morogoro mjini, mtaa wa pili kutoka sokoni. Huu ni mwaka wa kumi na moja cherehani yangu iko pale. Duka linauza vitambaa, nyuzi, vifungo, zipu na mapazia. Mteja akinunua kitambaa ndani, akitaka fundi ananikuta nje. Mzee Lalit ni mtu wa maneno machache. Mkewe anaitwa Mitali, lakini jina hilo nimelisikia kwa mumewe tu. Mtaa mzima tunamwita Mama Parag, kama ilivyo desturi kwa mwanamke mwenye mtoto. Mtoto alikuwa huyo mmoja, na aliondoka mwaka 2018 akiwa na miaka ishirini na sita.

Siku hiyo nilikuwepo. Walikuwa wamemtafutia mchumba, familia ya Dar es Salaam, na mambo yalikwishafika mbali. Parag akasema hataki. Alisema hayo dukani, wateja wanasikia, na baba yake akamzaba kofi mbele ya wateja haohao. "Toka," Mzee Lalit akasema. "Usirudi hapa mpaka usikie nimekufa."

Parag akavua tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni, akaiweka juu ya kaunta. Alipopita kwenye cherehani yangu akasema, "Dada Nasra, baadaye." Nikamjibu, "Haya, baadaye." Simu yake haikupatikana tena.

Walimtafuta. Walikwenda polisi, wakaenda Dar, wakapiga simu kwa ndugu zao wa Tanga. Mtu mmoja akadai kamwona Tunduma akiuza simu, ikaonekana si yeye. Baada ya mwaka Mzee Lalit akaacha kulitaja jina la mwanawe. Sisi wengine tuliendelea kulitaja kutwa nzima. Mama Parag, kitambaa hiki mita ngapi? Mama Parag, nyuzi za bluu zimeisha? Sikuwahi kufikiria lilivyokuwa likimwingia.

Katuni yenyewe iliitwa Nyuma ya Kaunta. Ilitoka mtandaoni kila Ijumaa, picha saba au nane unazisukuma kwa kidole, zimechorwa kwa wino mweusi na rangi moja tu, manjano ya bizari. Ilikuwa habari ya mtoto aitwaye Kibiriti, anayekulia nyuma ya kaunta ya duka pamoja na mama yake, Mama Bizari. Mchoraji hakujitaja jina. Chini ya kila picha aliandika "Mlimani" tu.

Mimi nilianza kuisoma kwa sababu ya mbuzi. Humo kulikuwa na mbuzi wa jirani ambaye Mama Bizari alimpa chapati ya kwanza kila asubuhi, mpaka yule mbuzi akaanza kujiona diwani, hali majani tena, na mbuzi wenzake wakitaka kuongea naye anawaambia waandike barua. Nilicheka mpaka nikashona mfuko wa shati juu chini. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikiwaambia watu. Sababu nyingine sikuisema. Mume wangu alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine kule Mzinga, chumba changu kilikuwa kimya, na wiki zangu zilikuwa zinafanana zote. Ile katuni ilinifanya nijue kwamba leo ni Ijumaa.

Siku moja, mwaka 2023, Mama Parag alinisikia nikicheka, akatoka nje.

"Nasra, unacheka nini peke yako?"

Nikampa simu. Alivaa miwani, akatazama. Nilingoja acheke, hakucheka. Akarudisha picha nyuma, akazitazama tena. Kisha akakaa kwenye kile kiti cha wateja wangu.

"Nani kamwambia huyu?" akauliza.

"Kamwambia nini, mama?"

"Habari za mbuzi. Kwetu Wahindu chapati ya kwanza ni ya ng'ombe. Hapa mjini ng'ombe nimtoe wapi? Nilikuwa nampa mbuzi wa jirani, Mzee Hafidhi. Kila siku, Parag alipokuwa mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea."

Nikamwambia labda wapo wengine wanaofanya hivyo. Akaniomba nimwekee ile katuni kwenye simu yake, nikamwekea, kuanzia sehemu ya kwanza.

Alisoma kwa siku nne, mchana, mumewe akiwa amelala baada ya chakula. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Siku ya tano alikuja barazani, akashika ukingo wa cherehani yangu kama mtu aliyetoka kukimbia. Alisema humo ndani kuna mjusi wa ukutani, na Mama Bizari anamwita Bibi Mkubwa. Yeye mwenyewe, miaka ile, alimbandika mjusi wa jikoni jina la mama mkwe wake, na siri hiyo waliijua watu wawili tu duniani. Kuna sehemu Kibiriti anaugua surua na mama yake anampepea kwa kifuniko cha boksi, usiku hadi asubuhi. Boksi lilikuwa la nyuzi. Hata kwenye picha limeandikwa nyuzi.

"Ni Parag," akasema. "Mwanangu yuko hai na anachora."

Nilimfahamu Parag tangu nilipoanza kazi pale. Aliwahi kunichorea mchoro wa gauni alilotaka mteja, na tulicheka wote watatu, kwa sababu lilifanana na ndoo. Nikasema taratibu, "Lakini mama, Parag hakuwa anajua kuchora hata kikombe."

"Watu hujifunza," akasema.

Basi ikawa hivyo. Mimi nilisoma katuni, yeye alisoma barua. Kibiriti akikohoa kwenye picha, Jumamosi ataniuliza kama huko aliko mchoraji kuna baridi. Sehemu ikiwa ya huzuni, siku hiyo hali vizuri. Ikija ya kuchekesha, atauza vitambaa siku nzima huku anatabasamu, na wateja watapimiwa sentimita za ziada. Kulikuwa na sehemu moja ambapo Mama Bizari anamkaripia Kibiriti kwa kosa ambalo hakulifanya. Alikaa nayo wiki nzima. "Kumbe alikumbuka," alisema. "Mimi nilishasahau." Hakumwambia mumewe. Alisema Lalit akijua atataka kuandika yeye, na ataharibu.

Mwishoni mwa mwaka 2024 ikafika sehemu ya mia moja. Haikuwa na hadithi. Ilikuwa picha moja ya Kibiriti amekaa juu ya kaunta, miguu inaning'inia, na maneno: "Mmenisoma mara mia. Niambieni, kwa nini mnasoma?"

Watu waliandika kwa mamia. Nilikaa na Mama Parag tukayasoma maoni yale mchana kutwa. Muuguzi mmoja wa Tabora alisema anasoma akitoka zamu, kwa sababu humo hakuna mtu anayemwita. Kijana mmoja akaandika, "Mbuzi noma sana, mengine sijui." Mtu aliyeko Omani alisema anasoma ili asikie Kiswahili cha nyumbani kichwani. Mwingine akasema mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea kwa sauti, mke amefariki, sasa anajisomea mwenyewe, naye kwa sauti.

"Niandikie na mimi," Mama Parag akasema.

"Tumwandikie pembeni, mama, asione mtu mwingine."

"Hapana. Andika hapohapo wanapoandika wengine. Hakupenda kuitwa pembeni tangu mdogo, alidhani anakwenda kuchapwa."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno: "Nasoma kwa sababu mimi ndiye Mama Bizari. Mbuzi alikuwa wa Mzee Hafidhi. Mjusi tulimjua wewe na mimi tu. Parag, rudi nyumbani, na kama huwezi kurudi, niambie tu kwamba umekula."

Nikabonyeza kutuma.

Wengine walidhani ni utani. Wakaweka vicheko, wakaweka mioyo, mmoja akasema huyu mama ni hodari wa kuigiza. Ijumaa iliyofuata katuni haikutoka. Ijumaa ya pili haikutoka. Watu wakaanza kumsema Mama Parag kwamba kamtisha mchoraji. Yeye hakujali. Alisema, "Anajiandaa. Si jambo dogo."

Ijumaa ya tatu ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Ulikuja kwangu, kwa kuwa maoni yale niliyaandika kwa jina langu. "Dada Nasra, mimi ni mchoraji wa Nyuma ya Kaunta. Naitwa Severin, naishi Matombo. Mimi si Parag. Parag alikuwa rafiki yangu. Naomba umlete mama yake. Haya mambo sitaki kuyasema kwa simu."

Nililisoma lile neno "alikuwa" mara nyingi. Gauni la mteja lilikuwa mkononi, nimelikamata tu. Nilijua. Mtu yeyote angejua.

Mama Parag alikuwa ndani akikunja mapazia. Nikaingia, nikafungua kinywa, na yeye akageuka na uso ule wa mtu aliyengoja habari kwa miaka sita.

"Mchoraji amejibu," nikasema. "Yuko Matombo. Anasema twende."

Hayo tu ndiyo niliyomwambia. Nilijiambia nitamweleza jioni, na jioni nikajiambia kesho, na kesho yake alikuwa amekwishaanza kupika.

Alipika chapati za uwatu, akazifunga kwa karatasi. Akajaza achari ya embe kwenye chupa. Akatoa mashati mawili kabatini, akaja kuniuliza kama mtu wa miaka ishirini na sita akifika thelathini na mbili huwa ananenepa. "Nyinyi mafundi mnajua," alisema. "Nipanue mabega?" Nikamwambia aache kwanza. Alimwambia mumewe kwamba ananisindikiza msibani kwetu Kinole. Mzee Lalit akanipa pole, akasema niwafikishie na wenzangu.

Tuliondoka na gari la asubuhi la Matombo. Njia nzima alizungumza. Alisema hatamlazimisha kurudi. Alisema hata kama ameoa, hata kama ana watoto, yeye atakuwa anakuja mara moja kwa mwezi. Mimi nilisema ndiyo mama, ndiyo mama. Tuliposhuka tulielekezwa njia ya kupanda kati ya migomba, na ingawa ana miaka hamsini na minane na kikapu mkononi, alinitangulia.

Nyumba ilikuwa ya matofali, ukutani imechorwa maua na ndege kama bango la hoteli. Nje alikuwepo bibi mmoja akianika pilipili manga juu ya mkeka. Baadaye tulimjua kwa jina, Bibi Editha, mama yake Severin.

"Shikamoo, mama," Mama Parag alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Bibi akamtazama usoni, akaweka ungo chini, akainuka kwa shida, akamshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye mama yake. Macho ni yaleyale. Pole sana, mwanangu. Pole. Tulimzika vizuri, hatukumtupa."

Mama Parag hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani?"

Bibi Editha akanigeukia mimi. "Hamkumwambia?"

Mlangoni alitokea mwanamume wa kama miaka arobaini, anatembelea fimbo, shati lina madoa ya rangi. Mama Parag hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, ndani ya nyumba, akatazama mpaka yule mtu akasogea kando ili aone kwamba hakuna mtu mwingine. Hapo ndipo alipokiweka kikapu chini, akakaa palepale juu ya mkeka, juu ya pilipili.

Severin alisimulia akiwa amesimama. Mama yake alimletea kigoda, hakukikalia.

Alisema yeye ni mchora mabango. Parag alifika Matombo mwaka ule ule alioondoka nyumbani, akapanga chumba kwao, akawa ananunua karafuu, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima na kuzipeleka kwa madalali wanaopanda na magari. Watu walimpenda, watoto walimwita Mhindi wa Karafuu. Mwaka wa pili Severin alianguka na bodaboda, mguu ukavunjika vibaya, akalala kitandani miezi mitano. Parag ndiye aliyekuwa akimwogesha.

"Mimi nimelala, siwezi kuzunguka kuchora," Severin alisema. "Na yeye anakaa pale kwenye kiti ananisimulia ili nisisikie maumivu. Mbuzi. Mjusi. Wewe, mama. Nilikuwa nakujua kabla sijakuona."

"Alikufaje?" Mama Parag akauliza.

"Homa, mama. Aprili ya 2022. Mvua ilinyesha siku tisa, barabara ikakatika sehemu mbili. Siku ya tatu ya homa akawa hatujui tena. Tukamfunga kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanane, tukamfunika turubai tukashuka naye. Gari lilikuwa linatungoja upande wa pili wa mahali palipokatika. Tulipofika na kufunua turubai, alikuwa ameshakwenda."

"Wewe ulikuwepo? Na mguu huo?"

"Nilifuata nyuma. Nilifika wa mwisho."

Kuku alikuja akadonoa pilipili, akaziacha. Kisha Mama Parag akauliza, "Kwa nini hukuniambia? Miaka miwili na nusu."

"Alisema kwao walishamfuta. Jina la baba yake hakulitaja, wala mtaa. Tulipomzika hatukujua tumpigie nani." Severin akahamisha uzito kwenye fimbo. "Lakini baadaye nilijua. Nilianza kuchora kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Nikachora mwaka mzima, halafu nikaona aibu, ninachora watu wa mtu bila ruhusa. Nikaja mjini. Niliulizia duka la Mhindi ambaye kijana wake alipotea, nikaonyeshwa. Nilisimama ng'ambo. Nikakuona unatoka na chapati, unampa mbuzi."

"Ni mjukuu wa yule mbuzi, nilianza tena baada ya kusoma," Mama Parag akasema, bila kujua anasema nini.

"Nikavuka barabara, mama, maneno yote nimeyapanga. Nikaingia. Nikanunua zipu. Nyeusi. Ukaniambia karibu tena."

Mama Parag alimtazama kwa muda mrefu. "Sikukumbuki," akasema. "Kwa hiyo ulirudi huku ukaendelea kunichora."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikaendelea kusoma."

Severin akafunika uso kwa mkono wenye rangi. Akasema tangu aliposoma yale maoni hakugusa kalamu. Alisema yeye ndiye aliyemuuliza kila mtu kwa nini anasoma, na hakuwa amefikiria kwamba kuna sababu ya namna ile.

"Alisema nini mwishoni?" Mama Parag akauliza.

Bibi Editha ndiye aliyejibu. Alisema siku ya mwisho Parag aliongea kwa lugha ya kwao tu, hakuna aliyeelewa. Alirudia neno moja, mara nyingi. "Paniapa. Paniapa. Tulidhani ni jina la mtu. Severin alitoka kuulizia nyumba hadi nyumba kama kuna mwanamke anaitwa Paniapa, tumlete amwone."

"Pani aap," Mama Parag akasema. "Alikuwa anaomba maji. Anasema nipe maji." Akamshika bibi magoti. "Mlimpa?"

"Tulimpa, mwanangu. Midomo ilikauka, tukawa tunampa kwa kijiko. Alikunywa."

"Alikunywa?"

"Alikunywa. Nilimpa mimi kwa mkono wangu."

Hapo ndipo alipolia.

Baadaye walitupeleka kaburini, pembeni ya makaburi ya misheni. Katekista alikubali apewe nafasi ingawa hawakujua dini yake. Palikuwa na ubao mmoja, umeandikwa kwa herufi nzuri za bango: PARAGI. Mama Parag aliinama akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Jina lake halina i," akasema.

"Hapa sote tulimwita hivyo," Severin akasema. "Nitarekebisha, mama."

"Rekebisha sasa."

Severin alitoa kisu mfukoni, akapiga goti kwa taabu, akaikwangua ile herufi mpaka mbao nyeupe ikaonekana. Ilichukua muda. Tulisimama tukamngoja. Zile chapati Mama Parag alimwachia Bibi Editha. Mashati alirudi nayo.

Kwenye gari hakusema lolote mpaka tulipoanza kuziona nyumba za mjini.

"Ulijua tangu lini, Nasra?"

"Tangu Ijumaa, mama."

"Ukaniona nafunga nguo."

"Nilikuona."

Akatazama nje. Nilingoja anitukane, na ningefurahi kama angenitukana.

Alimwambia mumewe yeye mwenyewe, kesho yake asubuhi, pale pale kwenye kaunta. Waliongea Kigujarati. Mimi nikiwa barazani nililitambua jina la Parag, na neno Matombo. Kisha Mzee Lalit akatoka akaanza kushusha milango ya chuma, na mteja aliyekuwa anakuja akamwambia tumefunga. Walifunga siku kumi na tatu. Watu wa hekalu lao walikuja, picha ya Parag ikawekwa ukumbini imevishwa shada. Mzee Lalit alipanda Matombo na ndugu wawili, akitaka mwili utolewe uchomwe kwa desturi yao. Sijui kilichotokea huko. Alirudi jioni, suruali ina udongo magotini, na habari ya kumhamisha hakuizungumza tena. Mama Parag aliniambia yeye hakutaka. "Wameshamfunika," alisema. "Basi."

Duka lilipofunguliwa sikujua nimwiteje. Siku ya kwanza nilimwita "Mama" tu, nikaishia hapo.

"Mama nani?" akauliza, ameinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mama Parag."

Akaendelea kukata.

Severin alinitumia ujumbe akiomba nimuulize Mama Parag kama aifute katuni yote. Nilimuuliza. Alifikiri siku mbili. "Asifute," akasema. "Watu walishasema sababu zao, yule mwenye mke aliyekufa atasoma nini? Lakini ya jikoni kwangu yamekwisha. Achore ya kwake, ya huko." Sasa Kibiriti ni mtu mzima, anapanda mlima na magunia ya karafuu. Wasomaji wengine wamekasirika, wanauliza mbuzi yuko wapi. Mama Parag hasomi tena. Mimi nasoma bado, kila Ijumaa, ila nasomea nyumbani, na barazani sichekicheki.

Mwezi uliopita Mzee Lalit alitoka na simu yake, akavuta kiti cha wateja wangu, akakaa. Tangu nianze kazi hakuwahi kukikalia.

"Nasra, nifungulie kile kitu."

Nikamfungulia sehemu ya kwanza. Alisoma siku hiyo, na siku iliyofuata, na wiki nzima, mchana ambao zamani alikuwa akilala. Hakuwahi kutabasamu hata kwa mbuzi. Siku ya nane aliondoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Kila mtu humu ana uso," akasema. "Mjusi ana uso. Mimi ni mkono tu. Sehemu zote mia, mkono. Kwa nini?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeiona siku nyingi. Baba yake Kibiriti hutokea pembeni ya picha, mkono wenye saa, umeshika rula au umenyoosha kidole, na hakuna zaidi.

"Labda kwa sababu mchoraji hakuwahi kukuona, mzee," nikasema.

Mama Parag alikuwa amesimama mlangoni, vitambaa begani. "Severin alichora alichosimuliwa," akasema.

Alisema bila hasira, kama anavyomtajia mteja upana wa kitambaa. Akarudi ndani. Mzee Lalit alibaki ameshika simu mpaka kioo kikazimika, akakigusa kikawaka, akaninyooshea.

"Niwekee inayofuata," akasema.